Nilimwonjesha Baba Bia Yangu Nyeusi, Mdogo Wangu Akabeba Lawama

Kosa ni langu. Si la shetani, si la marafiki, si la upweke. Ni langu mimi, mwanamke mzima wa miaka arobaini na mitatu, mwalimu wa kemia, ninayeaminiwa na wazazi wa watoto wengi. Naomba unisome hadi mwisho kabla hujanitukana. Ukishamaliza nitukane tu, mwenyewe nimeshazoea kujitukana.

Sitataja jina langu, na majina ya wengine nimeyabadili. Naishi Buswelu, hapa Mwanza, kwenye nyumba niliyojenga baada ya kuachana na mume wangu. Binti yangu yuko chuoni, mbali. Kwetu ni Muleba, sisi ni Wahaya, na tulizaliwa watatu: dada yangu mkubwa Adventina, mimi, na kitindamimba wetu Novatus, mtoto wa kiume pekee.

Baba yetu alikuwa mpika lubisi. Kama hujui lubisi, ni pombe ya ndizi. Ndizi zinakanyagwa kwa miguu ndani ya mtumbwi wa mti, unachanganywa mtama, inalala, kesho yake watu wanakunywa. Ya baba ilitafutwa kuliko zote pale kijijini. Lakini kazi ile kwetu ni ya wanaume. Nikiwa na miaka kumi nilisogelea ule mtumbwi nichungulie, baba akanifukuza kwa jani la mgomba. "Toka hapo! Mwanamke hasogei hapa, itaharibika!" Novatus alikuwa ndiyo kwanza anajua kutembea, na yeye alinyanyuliwa akaingizwa miguu yake midogo ndani, watu wakapiga makofi. Nililia hadi mama akanichoka. Unaweza kucheka, lakini ile siku nimeishi nayo zaidi ya miaka thelathini.

Baba alikunywa alichopika, na kilimharibu. Alilazwa mara mbili, daktari akamwambia ini limechoka, akinywa tena atakufa. Mama alipofariki, baba aliapa mbele ya kaburi lake, padre akiwepo, kwamba pombe haitagusa tena midomo yake. Na aliacha kweli! Ule mtumbwi aliupasua kuni. Miezi ya mwanzo alitetemeka, alitukana, alilia kama mtoto, na dada Adventina ndiye aliyekaa naye usiku na mchana. Miaka tisa mzee akawa mtu wa chai na redio. Miguu ilipoanza kumsumbua akaja kukaa kwangu Mwanza, karibu na hospitali kubwa.

Sasa mimi na kemia yangu. Nilianza kuangalia video za watu wanaopika bia majumbani kwao, huko Ulaya na Marekani. Ulikuwa udadisi wa darasani tu, maana uchachushaji ni somo langu. Nikapika bia nyepesi, ikatoka kama maji ya kuoshea vyombo. Nikapika tena, ikawa afadhali. Halafu nikakutana na bia moja nzito iitwayo stauti, nyeusi tii, wenyewe wanaiita ya kifalme, kali zaidi ya mara mbili ya bia ya dukani. Inalazwa na mti uliolowa bourbon, ile wiski ya Kimarekani ya mahindi. Nikasema hii ndiyo yangu.

Nilipika kwa siri. Mwalimu, mwimbaji wa kwaya, mwanamke asiye na mume, apike pombe? Mtaa mzima ungenisema. Shayiri niliikaanga mwenyewe kwenye kikaango hadi ikawa nyeusi, uani pamejaa moshi. Jirani akaniuliza kutoka upande wa pili wa ukuta, "Mwalimu, leo unakaanga kahawa?" Nikamjibu, "Ee, imetoka nyumbani." Mhaya na kahawa, nani atashuku?

Hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu wake, na vipande vya mti nilinunua Nairobi nilipokwenda kwenye semina. Mti wenyewe unaitwa mwaloni. Hapana, si ile Mwaloni ya Kirumba, soko letu la dagaa! Ni mti wanaotengenezea mapipa huko kwao. Pipa sikuwa nalo, kwa hiyo vile vipande nililoweka kwenye wiski wiki mbili, ndani ya chupa ya jamu, halafu nikavifunga kwenye kitambaa nilichokichemsha na kuvizamisha kwenye ndoo ya bia. Ndoo nikaificha stoo, nyuma ya magunia ya mkaa, miezi mitatu. Kila nikiingia kunusa, moyo ulinienda mbio. Ilinukia kahawa, vanila na moshi kidogo, na chini yake ile harufu tamu ya mti. Nilijua nimepatia, nikaijaza kwenye chupa.

Nilipanga kuwapa walimu wenzangu wawili Krismasi. Hawakuiona hata tone.

Kwetu, pombe iliyopikwa nyumbani haitoki nje kabla mwenye mji hajaionja. Kuitoa bila yeye kuonja ni kumdharau. Na mwenye mji pale kwangu, kwa hesabu za Kihaya, alikuwa baba. Hapo ndipo nilipojificha. Nilijiambia kwamba naheshimu mila. Uongo mtupu! Mila hiyo ningeweza kuiacha kama nilivyoacha nyingine nyingi na wala hakuna aliyeniuliza. Nilichotaka ni kwamba yule mzee aliyenifukuza aonje kazi ya mikono yangu, aseme neno.

Ilikuwa Jumamosi, saa kumi jioni. Alikuwa amekaa barazani na redio yake. Nikamletea glasi.

"Shikamoo, Taata." Ndivyo tunavyomwita baba kwetu.

"Marahaba. Umebeba nini?"

"Nimepika kitu. Siwezi kukitoa nje wewe hujaonja."

Aliitazama ile glasi muda mrefu. Mikono ilikuwa juu ya magoti, hakuinyoosha.

"Unajua nimeapa," akasema.

Nilijua! Nilikuwepo makaburini siku ile, mimi ndiye niliyemshikia mwavuli akiapa! Na bado nikafungua mdomo wangu huu nikasema, "Taata, kuonja si kunywa. Onja uteme."

Hakutema. Alifumba macho, akakizungusha kinywani, akameza taratibu. Kisha akasema, "Umelaza na mti. Mti gani huu?"

Nilimweleza. Akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu mama alipokuwa hai. "Kumbe Wazungu nao wanajua kwamba pombe inataka mti!" Akanyoosha glasi tena. "Nani amekufunza?"

"Nimejifunza mwenyewe, Taata."

"Umepika," akasema. "Hii umepika hasa."

Mungu anisamehe, sijawahi kuwa na furaha kama ile. Siku niliyopata digrii sikufurahi hivyo. Nikamjazia.

Ningeacha pale, labda leo nisingekuwa naandika. Kesho yake nikitoka kanisani alinikuta jikoni akaniuliza, kwa sauti ya chini kama mtu anayeomba ruhusa, kama ile ya jana imebaki. Nikamwambia imebaki. Tukawa na saa yetu, saa kumi na moja jioni nikirudi shule, yeye glasi yake, mimi yangu. Na jamani, mzee alizungumza! Alinieleza namna ya kujua ndizi imeiva vya kutosha kwa kuinusa kitako. Alinieleza alivyomchumbia mama. Maneno aliyokuwa anamwekea mtoto wa kiume, sasa ananipa mimi. Glasi moja ikawa mbili, na sikuona shida, au niliona nikageuza uso.

Chupa zilianza kupungua stoo hata siku ambazo hatukunywa pamoja. Niliona. Mtu mwingine angefunga mlango na kuficha ufunguo. Mimi nilipika ndoo ya pili. Mzee mwenyewe akakaa jikoni kwenye kigoda akiniambia niongeze moto, nipunguze moto, na nilimsikiliza kama mwanafunzi.

Macho yake yalianza kuwa ya njano. Miguu ikavimba, nikasema ni chumvi, nikapunguza chumvi kwenye mboga! Mimi, mwalimu wa kemia, ninayewafundisha watoto ini linafanya nini na spiriti! Nilijua kila kinachotokea ndani ya tumbo la baba yangu, ningeweza hata kukiandika ubaoni.

Novatus alikuwa anakuja kumwona kila Jumapili. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma pale Usagara, na yeye mwenyewe alikuwa mlevi, sitaficha. Alikunywa pombe kali za bei rahisi, alishafukuzwa karakana mbili. Lakini kwa baba hakuwahi kuja amelewa hata siku moja. Alioga, akavaa shati safi, akaja na papai au karanga. Jumapili ile ya mwisho alinivuta pembeni.

"Dada, macho ya mzee mbona ya njano?"

"Uzee," nikamwambia.

"Tumpeleke hospitali kesho. Nitaomba ruhusa kazini."

"Novatus, wewe si daktari. Mimi ndiye ninayekaa naye."

Akaenda zake. Alikuwa mlevi, mimi mwalimu, angenibishiaje? Baba angeweza kupona wiki ile, au angeweza kupata miezi mingine. Sijui, na sitajua.

Ijumaa nilikuwa darasani na kidato cha tatu, simu ikaita mara nne. Ni yule jirani wa kahawa. "Mwalimu, njoo haraka, mzee anatapika damu." Nilimkuta sakafuni barazani, beseni jekundu pembeni, jirani amemshika kichwa. Hospitalini wakasema inatakiwa damu. Novatus alifika akikimbia, na mavazi ya karakana, akatoa mkono. Siku hiyo hakuwa amekunywa, na wakaichukua damu yake. Haikusaidia. Baba alifariki Jumamosi saa nne asubuhi, tumemshika mikono, mmoja huku na mmoja huku.

Daktari alituita kwenye korido. Alisema kwa upole kwamba mzee alikuwa ameanza kunywa tena hivi karibuni, na si kidogo. Novatus akashtuka. "Baba? Hapana, daktari, baba aliacha!" Mimi nilitazama sakafu.

Hapa sasa ndipo kosa lenyewe linapoanza, kwa sababu la kwanza huenda Mungu angelisamehe. Niliwaambia naenda nyumbani kuchukua shuka. Baba yangu akiwa mochwari, mimi nilikuwa stoo! Bia yote niliimwaga chooni. Chupa niliziponda ndani ya gunia nikazifukia shimo la taka. Daftari langu la vipimo nililichoma, ndoo nikaisugua kwa majivu, vile vipande vya mti nikavitupa motoni. Mikono ilinuka wiski, nikainawa kwa ndimu mara tatu. Halafu nikachukua shuka kweli, nikarudi.

Kitu kimoja sikukijua. Baba alikuwa na kichupa chake kidogo, cha dawa ya kikohozi, alichokuwa anajijazia kimyakimya na kukiweka kwenye koti.

Dada Adventina alifika jioni kutoka Muleba. Wakati anachagua nguo za kumzikia, akakipata. Akafungua, akanusa, akakaa kitandani. Miezi yote ile aliyomshika baba akitetemeka, yote ikamrudia usoni. Akatoka sebuleni na kichupa mkononi. Novatus alikuwa amesimama mlangoni, pamba bado imebandikwa mkononi alipotolewa damu.

"Ni wewe," dada akasema. "Umemletea baba pombe. Umemuua."

"Dada, haki ya Mungu, mimi sijui hicho!"

"Nani mwingine? Nani mlevi katika nyumba hii?"

Novatus akanigeukia mimi. Hakunitazama kwa kunishuku, jamani! Alinitazama kama mtu anayeomba msaada kwa anayejua ukweli. Na dada naye akanigeukia. "Wewe ndiye unayekaa na mzee. Nani alikuwa anaingia humu?"

Nilisema maneno matatu.

"Jumapili alikuja hapa."

Yalikuwa maneno ya kweli. Hata mahakamani ningeapa kwa Biblia. Lakini dada alipiga yowe, akamrukia kwa makofi, na Novatus akasimama tu, akipigwa, bila kuinua mkono wa kujikinga.

Tulizika Muleba. Kwa desturi yetu, matanga yakiisha ukoo unakaa, na mrithi anaketishwa kwenye kiti cha marehemu mbele ya watu wote. Mtoto wa kiume ni mmoja tu, hakukuwa na la kujadili. Baba mdogo akasimama. Akasema kwamba kiti cha mtu hakikaliwi na aliyemuua. Kibanja, yaani shamba la nyumbani, migomba yote, nyumba ya mama, na makaburi yao wote wawili yakiwa humo humo, vikakabidhiwa kwa mtoto wa baba mdogo. Novatus akaambiwa asikanyage tena pale, hata kuja kusali kaburini.

Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na wanawake. Kulikuwa na kimya kirefu baada ya baba mdogo kuuliza kama kuna mwenye neno. Kirefu kabisa! Nilisikia kuku wanaparua kwenye nyasi. Nilikuwa na muda wa kusema kila kitu, hata kupumzika katikati. Nikavuta kanga nikajifunika uso, na mama mmoja pembeni yangu akanipapasa mgongo kunifariji.

Miaka miwili ikapita. Novatus hakurudi Usagara. Alivuka maji akaenda Kamanga, akajishikiza kwa mtu anayetengeneza matela na mageti pale karibu na kivuko. Na tangu siku ile ya makofi hakunywa tena, hata soda za kuchanganyia hakutaka kuziona. Dada alimfuta kwenye simu yake. Binamu zetu walipita upande wa pili wa barabara wakimwona. Kwangu tu ndiko alikokuwa anakuja, kila mwisho wa mwezi, na sato wawili kwenye mfuko, tunapika, tunakula. Nilimpa kila kitu isipokuwa kile kimoja alichokihitaji.

Mwaka huu alikuja siku ambayo si yake. Aliweka samaki kwenye karai na hakukaa.

Kulikuwa na mwanamke, Msukuma wa upande wa Sengerema, mwalimu wa chekechea. Walikuwa wamekubaliana. Wazazi wa binti walifanya kama wazazi wote wenye akili: walituma mtu Muleba kuulizia ukoo wa kijana. Aliyetumwa alirudi na jibu kwamba huyo kijana alimnywesha baba yake hadi akafa, hata ukoo umemkataa. Baba wa binti alimwita Novatus, akamwambia kwa adabu kabisa kwamba hawezi kumpa mtoto wake mtu wa namna hiyo.

"Dada," Novatus akaniambia, "nenda ukaseme nao. Wewe ni mwalimu, watakusikiliza. Nani mwingine nitamtuma? Siku ile watu wote waliniuliza nilimpa baba nini. Wewe peke yako hukuniuliza. Nilijua kwamba unaniamini."

Nilishika meza. Sikumwuliza kwa sababu nilikuwa najua! Na yeye miaka miwili alikuwa anaishi kwa hilo, ndilo lililomfanya aamke asubuhi.

Nikamwambia. Nilisema vibaya, kwa kurukaruka, naanza na shayiri, narudi kwenye kiapo, narukia ndoo ya pili, nikalia, nikapiga magoti sakafuni jikoni kwangu. Nilitaka anipige. Alisikiliza akiwa amesimama, mikono yake ina magamba ya samaki.

"Umewaambia watu wa ukoo?" akauliza.

"Bado."

"Basi nenda ukawaambie." Akanawa mikono, akajifuta kwa suruali yake, akaondoka.

Wiki iliyofuata nilipanda basi kwenda Muleba. Niliwaomba baba mdogo na dada Adventina waketi, na wazee wawili wa ukoo. Nikasema yote, safari hii kwa mpangilio. Niliogopa watanifukuza. Niliogopa watanitemea mate. Nilijiandaa kwa kila kitu.

Baba mdogo akatikisa kichwa, akatabasamu kwa huzuni.

"Mwanangu, umemhurumia mdogo wako. Tumesikia posa yake imekataliwa."

"Baba, si huruma! Ni mimi niliyepika!"

"Umepika nini? Mwanamke apike pombe? Wewe hata glasi hatujawahi kukuona umeshika."

"Nilipika kwa siri!"

"Iko wapi? Ndoo iko wapi, chupa ziko wapi? Nani mwingine aliinywa?"

Nilikuwa nimefukia, nimechoma, nimesugua kwa majivu. Mwingine aliyeinywa ni mmoja tu, na kaburi lake lilikuwa hatua thelathini kutoka pale tulipokaa. Nikasema nitapika tena mbele yao waone. Mzee mmoja akajibu kwamba mwalimu wa kemia anaweza kupika chochote, hilo halionyeshi nilimpa nani.

Kisha dada Adventina akanikumbatia! Alinikumbatia akilia, akaniambia nina moyo wa mama, kwamba mama naye alikuwa hivyo, anabeba makosa ya wanawe. "Lakini usijibebeshe dhambi ya mtu, mdogo wangu. Na wewe ndiye uliyesema Jumapili alikuja." Wakaniletea matoke. Wakanishukuru kwa kuja. Nilirudi Mwanza nikiwa na sifa nyingi kuliko nilizoondoka nazo, na Novatus akiwa na sifa mbaya zaidi, kwa sababu sasa wanasema amenituma nikadanganye.

Kwa wale wakwe nako nilikwenda. Baba wa binti alinisikiliza hadi mwisho. Akaniuliza kama ukoo wangu umekubali maneno haya. Nikasema hapana. Akanisindikiza hadi getini kwa heshima zote. Yule binti ameshaolewa Geita.

Nilimpigia Novatus nikamweleza. Nikasikia mashine ya kusagia chuma nyuma yake, ikazimwa.

"Umeona sasa inavyokuwa," akasema. "Unasema kweli, unatazamwa tu."

Haji tena mwisho wa mwezi. Nikipiga anapokea, ananisalimu, ananiuliza hali. Ananiita mwalimu. Neno dada sijalisikia tena kinywani mwake.

Wewe unayesoma, kama una mzee aliyeacha pombe, usimwambie kuonja si kunywa. Usitafute sifa kwenye mdomo wa mtu anayepigania uhai wake, hata kama ni sifa uliyoingoja tangu utotoni. Na kama kuna mtu leo anabeba kosa lako, usimpelekee chakula, usimpe nauli, usimlilie pembeni. Simama useme, leo, wakati chupa bado zipo na mikono yako bado inanuka. Nilidhani ukweli utanisubiri hadi nipate ujasiri. Niliupata, nikaupeleka Muleba kwa basi, nao wakaniwekea matoke.